Jiwe la Nani?

Ijumaa saa mbili usiku, nimevua viatu, nimejitupa kwenye kochi, simu ikalia. Kikundi cha wazazi wa Gredi ya 3. Nimeshajifunza kwamba ujumbe wa saa hiyo kutoka kikundi hicho haujawahi kuwa salamu. Kuna kitu nitanunua.

“Wazazi wapendwa,” mwalimu aliandika, na hapo nikajua mfuko wangu umetoboka. Jumatatu kila mwanafunzi aje na vifuko vitatu vilivyojazwa maharagwe, kamba ya mita moja kamili, na karatasi ya mitupo mitano aliyoirusha nje, mahali penye nafasi. Kabla ya kila mtupo mtoto akisie umbali, kisha aupime. Mzazi naye arushe. Mzazi atie sahihi.

Mzazi naye arushe! Nilirudia kusoma, nikidhani mwalimu amekosea herufi. Hakukosea. Mzazi wa mwanzo akajibu “Ahsante Mwalimu” na vikono viwili vya kushukuru, wengine thelathini wakafuata, nami, mwoga kama wenzangu, nikawa wa thelathini na mbili.

Mimi ni zao la 8-4-4, ule mfumo wa elimu ulioanza 1985, na mita niliijua kwa njia ya mkato. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa na rula ya ubao, ya mbao ngumu, mita moja barabara. Ukikosa jibu, rula ile ilikutembelea makalioni na sentimita zake zote mia. Hakuna aliyerusha chochote, na hadi leo ukinizindua usingizini nitakuonyesha mita kwa mikono bila kufungua macho. Kiboko kikapigwa marufuku shuleni 2001, mtaala wa umilisi ukaingia madarasani nchini kote 2019, na tangu hapo anayeadhibiwa ni mzazi. Muhula uliopita tuliunda sanamu ya kufukuza ndege shambani. Tunaishi ghorofa ya nne.

Basi nikaenda jikoni kwa unyenyekevu kuomba maharagwe.

“Haya ni ya githeri ya Jumapili,” mama watoto akasema bila kugeuka.

Nikamweleza kwamba hatutayala, tutayarusha tu. Hilo halikusaidia. Maharagwe ameyanunua kwa gorogoro pale sokoni Kawangware, na kila anayenunua kwa gorogoro anajua lile kopo lina kitako kilichobonyezwa kwa ndani kwa ustadi mkubwa, kwa hiyo ukilipia kopo zima unapewa kopo kasoro ngumi. Hakuwa tayari kupoteza hata punje. Tukakubaliana kwamba ni mkopo: yatoke yamehesabiwa, yarudi yamehesabiwa. Vifuko tukavishona kwa soksi zangu za kazini, tatu, kila moja kutoka jozi yake, ili nibaki na soksi tatu zisizofanana kwa rangi wala tabia.

Ikabaki kamba. Unapataje kamba ya mita moja kamili kama huna cha kupimia mita? Asubuhi ya Jumamosi tukamshukia mama wa Mombasa, jirani wa chini anayetukaangia mahamri. Akafuta mikono kwenye leso, akaishika kamba, akainyoosha kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, mikono imetanda kama anayetaka kukumbatia mlango.

“Hii ni pima, mwanangu,” akamwambia binti yangu. “Shubiri mbili dhiraa. Dhiraa mbili wari. Dhiraa nne pima. Bibi yangu hakuwa na rula na nguo zilimkaa.”

Binti akatandaza kiganja, akapima kiwiko chake hadi kidole cha kati: shubiri mbili, kweli. Akapima mkono wa mama: shubiri zake tatu na ushei. Akapima wangu, akakunja uso. “Sasa dhiraa moja ni ya nani?”

Mama wa Mombasa akacheka hadi hamri moja likaungua. “Ndiyo maana tukitaka kununua kitambaa tulimtuma mjomba,” akasema. “Mjomba alikuwa na mikono mirefu.”

Nilidhani somo limekwisha hapo, turudi zetu juu. Lakini mtoto wa umilisi hatosheki na mjomba. Anataka mita. Tukapanda matatu ya 46 hadi mjini kutafuta kipimo.

Kamusi inakiita futikamba. Nakushauri usiitumie kamusi Barabara ya Kirinyaga. Kwenye duka la kwanza nilipoitisha futikamba, kijana alinishushia kamba ya katani na kuniuliza ng’ombe ni wangapi. Duka la pili nikaonyesha kwa vidole nikivuta na kuachilia, akaelewa, akanipa. Binti akaivuta pale pale kaunta na matatizo yakaanza: upande mmoja futi na inchi, upande wa pili sentimita.

“Baba, tunatumia upande gani?”

Swali rahisi kabisa, ungedhani. Mita, nikamwambia, sisi ni watu wa mita. Akatazama ukutani. Mbao zimeandikwa futi kumi na mbili, mbili kwa nne, na hizo mbili na nne ni inchi. Mabomba ni nusu inchi, robo tatu inchi. Waya ni mita. Nyuma yetu wanaume wawili wanabishana kuhusu televisheni ya inchi thelathini na mbili. Bango la mlangoni linauza shamba la hamsini kwa mia.

“Hamsini mita?”

“Futi.”

“Kwa nini?”

Kwa sababu, mwanangu, ardhi katika nchi hii ilipimwa na Mwingereza na bado haijapata habari kwamba aliondoka. Ile hamsini kwa mia tunaiita thumni ya ekari. Ekari ni futi za mraba 43,560. Thumni yake ni 5,445. Hamsini mara mia ni 5,000. Futi za mraba 445 zimeyeyuka katikati ya neno na neno, nafasi ya kutosha vyumba viwili na choo, na wanunuzi wanapeana mikono na kupigwa picha na hati. Sikumweleza haya yote. Nilimwambia tu kwamba watu wazima wana sababu zao.

Kipimo tukapata, kamba tukaikata mita moja mbele ya shahidi. Sasa mahali penye nafasi. Mwalimu aliandika maneno hayo kwa wepesi sana, kama mtu asiyeishi Nairobi. Kwenye ploti yetu nafasi ni ya magari, na ukutani kuna maandishi mekundu kwamba mchezo wa mpira ni marufuku; soksi hazikutajwa, lakini mlezi wa ploti si mtu wa kubishana naye sheria. Tukapita Bustani ya Jeevanjee, ile ambayo A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa mji 1906. Binti akachomoa soksi. Nikatazama: mhubiri kwenye nyasi, wasikilizaji wake, wapiga picha, wachumba, wanaume waliolala na gazeti usoni. Mtu mzima akirusha kitu katikati ya Nairobi huwa kuna maelezo mawili tu, ama ni maandamano au ni kichaa, na kwa yote mawili anayekuja kukuuliza haji na futikamba. Nikamrudishia soksi mfukoni.

“Twende Arboretum,” nikasema. “Ni hapo tu.”

“Hapo tu ni mita ngapi?”

Sikujibu. Tulitembea karibu kilomita tatu, na kila mita mia moja aliniuliza kama hapo tu bado.

Arboretum ni mahali pazuri. Ilianzishwa 1907 ili kujaribu miti itakayokua upesi iwe kuni za garimoshi la reli ya Uganda. Garimoshi likaacha kula kuni, miti ikabaki, tumbili wakahamia. Tukapata uwanda wa nyasi. Binti akalaza kijiti kuwa mstari, akafungua daftari, akawa mwamuzi.

Kwanza makisio. Kwa mtupo wake wa mwanzo akaandika mita 20. Akarusha. Soksi ikapaa kama njiwa aliyebadili nia, ikaanguka. Tukapima kwa kamba, mita moja baada ya nyingine, na hapa lazima nikiri kwamba kuna ufundi ambao rula ya makalio haikuwahi kunifunza. Kamba ukiisogeza mbele bila kuweka kidole pale ilipoishia, unaacha pengo na mtupo unakonda. Ukiirudisha nyuma kidogo unapima kipande kimoja mara mbili na mtupo unanenepa. Ukianza kuhesabu “moja” mguuni badala ya sifuri, umejizawadia mita nzima bila jasho. Alifanya makosa yote matatu, akapata mita 9, kisha 7, kisha 6. Tukahakiki kwa futikamba: 6.

Mtupo wa pili akakisia 8, ukawa 7. Wa tatu akakisia 7, ukawa 7. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyeona jini. Mita ilikuwa imehama kutoka kwenye kamba ikaingia kichwani mwake, na nilichofanya mimi ni kushika soksi.

“Sasa wewe, Baba. Kisia.”

Ningekuwa na busara ningesema kumi. Lakini shuleni nilirusha mkuki, na miaka inavyosonga ule mkuki umekuwa ukiendelea kuruka. Mara ya mwisho niliusimulia ulifika mita 60.

“Sitini,” nikasema.

“Kwani Julius Yego alirusha ngapi?”

Mita 92.72, Beijing, 2015, akawa bingwa wa dunia. Kijana wa Nandi aliyejifundisha kutupa mkuki kwa kutazama video za YouTube. Binti akaandika hiyo pembeni, kisha akauliza kama KICC ikilazwa chini Yego ataivuka. Jumba lile lina mita 105. Akatoa. Mkuki wa Yego ungeangukia mita kumi na mbili na kidogo kabla ya kufika kileleni. Nilimsifu kwa kutoa, na nilitumaini mazungumzo yataendelea kumhusu Yego.

“Rusha, Baba.”

Wahenga walisema ukitaka kuruka agana na nyonga. Sikuaga. Nilirudi nyuma hatua nne, nikakimbia, nikajipinda kama nilivyokumbuka kutoka picha za Yego, na kitu ndani ya kiuno kikasema neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Soksi ikaondoka. Niliitazama kwa matumaini. Haikukaa angani muda ambao mtu wa mita 60 angependa.

Ilipotua iliteleza kidogo kwenye nyasi. Nikawahi kusimama pale ilipoishia kuteleza.

“Hapana,” mwamuzi akasema, “ni pale ilipogusa kwanza.” Ndivyo mwalimu alivyowaambia, na ndivyo riadha inavyopima hata Olimpiki: kutoka ukingo wa mstari hadi alama ya kwanza ardhini, na sehemu ya sentimita inayobaki inatupwa. Wanapunguza, hawaongezi kamwe. Nikashika ncha ya futikamba mstarini, na kwa bahati mbaya tu kiatu changu kikaivuta nyuma ya kijiti kidogo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Binti akarudi, akakisogeza kiatu, akarudi tena kusoma.

“Mita 17.”

“Na sentimita?”

“Sentimita ni za Gredi ya 4.”

Akaandika: Makisio 60. Kipimo 17. Tofauti 43. Tofauti yake yeye katika mtupo wa tatu ilikuwa sifuri, na sifuri ile ameiviringa kwa upendo mkubwa.

Tulikuwa tumebakiza mitupo miwili. Wa nne alikisia 8, akaurusha vizuri. Kabla hatujaufikia kuupima, tumbili akashuka kwenye mti, akainusa soksi, akaridhika, akaondoka nayo kwa miguu mitatu. Nilimfukuza, kiuno kikanikumbusha. Mwanangu hakukimbia. Alisimama mstarini, jicho moja amelifumba, akamtazama mwizi hadi aliposimama chini ya mkaratusi kufungua mzigo. “Thelathini,” akakisia. Tumbili alipomaliza na kupanda juu, tukapima: 31. Kwenye karatasi ya mitupo, mstari wa tano unasomeka: *Tumbili. 31. Hakurusha, alibeba.*

Njiani kurudi akauliza mita hii ilitoka wapi, kama haikutoka kwenye mkono wa mjomba. Hapo nilifurahi, maana hilo nilikuwa nalijua. Nikamwambia Wafaransa, miaka ya 1790, walichoshwa na kila soko kuwa na mjomba wake. Wakasema tusipime kwa mwili wa mtu, tupime kwa dunia: chukua safari ya kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta kwa mstari unaopita Paris, igawe mara milioni kumi, kipande kimoja kiwe mita. Wakatuma wataalamu wawili kupima sehemu ya mstari huo, kutoka Dunkirk hadi Barcelona, kazi iliyowatoa jasho karibu miaka saba katikati ya mapinduzi na vita. Walikosea kwa milimita moja ukiigawa mara tano. Siku hizi mita inapimwa kwa mwanga, tangu 1983.

“Ikweta si iko Nanyuki?”

Inapita hapo. Kwa hiyo mita, tangu kuzaliwa kwake, ni kipande cha safari ya kuja kwetu. Wafaransa walipanda minara ya makanisa miaka saba ili wajue ikweta iko mbali kiasi gani. Wangemuuliza makanga angewaambia ni hapo tu, pandeni.

Matatu ikatushusha kwenye maduka ya Valley Arcade, kwa sababu makanga aliamua hapo ndipo safari yetu imeishia. Zamani ningegomba. Safari hii binti alikuwa na hesabu yake. Mchana tulipima kwamba hatua zangu kumi ni mita 7. Akanihesabia hatua zote hadi getini kwetu, akizima kila jaribio langu la kuzungumza. Hatua 1,940. Mita 1,358. Akakaa ngazini na kalamu.

Lazima nieleze kwa nini hesabu hiyo ilimgusa. Miaka miwili iliyopita ajenti alitupangisha nyumba hii kwa tangazo lililosema iko Lavington, kutupa jiwe tu kutoka Valley Arcade. Wenyeji wa huku wanaiita Kawangware, barua zinakuja Kawangware, na kodi peke yake ndiyo inayoishi Lavington. Mama watoto husimulia tangazo hilo kila mvua ikinyesha.

Jumapili, wakati tunakula githeri yenye maharagwe machache kuliko mahindi yalivyostahili (nilikuwa nimeshatoa ushahidi kuhusu tumbili, haukukubaliwa), ajenti yule yule akaja na vijana wawili, mume na mke wapya, kuwaonyesha chumba cha ghorofa ya tatu. Mlango wetu ulikuwa wazi. Sauti yake ikapanda ngazi ikiwa imejaa asali: Lavington hii, mazingira tulivu, maji kila siku, na Valley Arcade ni kutupa jiwe tu.

Binti akaacha sahani, akatoka hadi ngazini.

“Jiwe la nani?”

Kimya.

“Shikamoo,” akaongeza, maana tumemlea. Kisha akafungua daftari. “Baba akirusha, ni mawe themanini. Julius Yego akirusha, ni mikuki kumi na mitano. Yego ni bingwa wa dunia wa 2015.”

Nilijua wajibu wangu. Mtoto hamjibu mtu mzima hivyo, na baba mwenye heshima zake angeinuka, amkemee, aombe radhi. Nilifikiria kuinuka. Nikafikiria kodi ya miezi ishirini na minne. Kiuno nacho kilikuwa bado kinauma. Nikaongeza githeri.

Yule kijana mgeni akaomba aone daftari. Aliligeuza, akasoma, akauliza 17 ni nini na 60 ni nini, na binti akamweleza bila kuficha. Waliondoka bila kulipa amana. Ajenti akiwa getini alitaka kujua mtoto huyu anasoma shule gani, na jinsi alivyouliza haikuonekana kwamba anatafutia wake nafasi.

Usiku nikatia sahihi. Karatasi ilikuwa na sehemu ya maoni ya mzazi, mistari mitatu. Nilikusudia kuandika kuhusu soksi, nauli, kiuno, gorogoro, na wazazi wa 8-4-4 kupewa muhula wa kupumzika. Nikaishia kuandika “Ahsante Mwalimu.”

Jumatatu asubuhi, saa mbili kasorobo, mkuu wangu wa kazi akapiga simu. Mkutano ni saa mbili, niko wapi? Nilikuwa sebuleni, natafuta soksi mbili zinazofanana.

“Niko hapo tu, Bosi,” nikasema. “Naingia mjini, Kencom, sasa hivi.”

Nikageuka. Alikuwa mlangoni, sare amevaa, begi mgongoni, anangoja nimsindikize. Hakusema kitu. Alichomoa tu ile kamba mfukoni, akapiga magoti, akaweka ncha moja kwenye kidole gumba cha mguu wangu, na kuanza kupima kuelekea mlangoni.